Kusomea Mbio za Farasi Mahali Pasipo na Farasi

Mbinga haina farasi. Anayeshuka kutoka milima ya Umatengo mkoani Ruvuma, akaacha mashamba ya ngoro na mibuni nyuma yake, akafuata lami ya kilomita 66 hadi Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa, atapishana na ng'ombe, mbuzi, nguruwe na bodaboda zilizobeba dagaa, farasi hatamwona. Lakini farasi wanakimbia. Wanakimbia kwenye skrini za vibanda vya kubeti katika miji ya Tanzania, mbio mpya kila baada ya dakika chache, na wanakimbia kwenye simu za vijana waliomaliza shule wakisubiri msimu wa kahawa.

Mtandaoni humo humo kuna wanaofundisha biashara ya mbio za farasi. Na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu jina moja limebeba bidhaa tatu zisizofanana. Ya kwanza ni masomo ya vyuo vikuu vyenye jina, yenye ada ya dola na cheti mwishoni. Ya pili ni masomo mafupi ya bure kuhusu utunzaji wa farasi na kazi za mbioni. Ya tatu ni wauza mikeka ya kubeti: watu wa Telegram na WhatsApp wanaojiita walimu, wakiuza "mkeka wa uhakika" kwa ada ya wiki. Mzazi anayeombwa fedha na mwanawe ili "asomee mbio za farasi" hana njia rahisi ya kujua anaombwa alipie kipi kati ya hivyo vitatu.

Ya tatu haihitaji uchambuzi mrefu. Anayejua farasi atakayeshinda hana sababu ya kuuza siri hiyo kwa shilingi elfu tano. Mjadala wenye maana unahusu zile mbili nyingine: je, kijana wa Mbinga au wa Liuli ana faida gani kusomea tasnia ambayo makwao haina hata banda moja?

Nzi, usubi na ramani

Kukosekana kwa farasi hakutokani na uvivu wala umaskini wa watu wa Ruvuma. Kuna sababu ya kale zaidi.

Machi 1866 David Livingstone alitua Mikindani akitokea Zanzibar, akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama wao, baghala 2 na punda 4. Alitaka kuona ni mnyama gani wa mizigo anayeweza kuvumilia nzi aina ya ndorobo kandokando ya Mto Ruvuma. Farasi hakuwemo hata mmoja. Agosti 8 mwaka huo alifika Ziwa Nyasa, kwenye ufuko ambao leo ni wa Msumbiji, na karibu wanyama wote walikuwa wameishia njiani. Yeye mwenyewe hakuweza kutenganisha vizuri madhara ya ndorobo na ya mateso waliyoyapata mikononi mwa watunzaji wao, kwa hiyo jaribio halikutoa jibu safi. Mizigo, hata hivyo, iliendelea kubebwa na vichwa vya watu.

Umatengoni juu kuna baridi na ndorobo si tatizo kama lilivyo kwenye mapori ya Tunduru na Namtumbo. Ila farasi ana adui mwingine, ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi. Pundamilia huubeba bila kuugua sana na punda huustahimili. Kwa farasi wasiochanjwa, vifo huweza kufikia asilimia 95. Mlipuko wa 1854 na 1855 huko Rasi ya Tumaini Jema uliua farasi wapatao 70,000. Ugonjwa huo bado unaathiri biashara hadi leo: nchi zenye virusi hivyo huwekewa masharti mazito ya kusafirisha farasi, kwa hiyo mfugaji wa Afrika huweza kuzalisha mnyama mzuri na akashindwa kumfikisha sokoni Ulaya.

Ndiyo maana mbio za farasi za Afrika Mashariki zilijikita nyanda za juu za Kenya, kwa walowezi waliokuwa na mashamba makubwa, fedha na hali ya hewa inayovumilika. Huko ndiko Beryl Markham alikopata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa bado kijana mdogo, na huko ndiko Uwanja wa Ngong, chini ya Jockey Club of Kenya, unakoendelea kukimbiza farasi hadi leo. Tanzania haina uwanja wenye msimu kama wa Ngong. Farasi ambao Watanzania wengi wamewahi kuwaona kwa macho ni wale wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi.

Wanachofundisha hasa

Mtu anayesikia "biashara ya mbio za farasi" hudhani ni kubashiri. Mtaala hauko hivyo. Chuo Kikuu cha Louisville, Kentucky, kina programu ya tasnia ya farasi ndani ya kitivo chake cha biashara, na hutoa cheti cha biashara ya farasi kwa njia ya mtandao. Chuo Kikuu cha Arizona kimekuwa na programu ya uendeshaji wa viwanja vya mbio tangu miaka ya 1970. Liverpool, Uingereza, ilianzisha shahada ya uzamili ya biashara kwa ajili ya tasnia hii peke yake. Kinachofundishwa ni uhasibu, sheria, masoko, haki za matangazo ya televisheni, bima, minada na kanuni za uzalishaji.

Mambo yenyewe yana ladha yake. Nyumba ya mnada ya Tattersalls, iliyoanza 1766, hadi leo hupokea bei kwa gini, fedha ambayo Waingereza waliacha kuitumia zamani. Gini moja ni pauni moja na senti tano za pauni, na kwa desturi ile nyongeza ilikuwa ya dalali: mnunuzi analipa gini, muuzaji anapokea pauni. Mkulima wa kahawa wa Mbinga anayesoma makato kwenye karatasi ya chama chake cha ushirika (AMCOS) hatahitaji kuelezwa mara mbili.

Kanuni nyingine inashangaza zaidi. Farasi wa mbio wa daraja la juu hawaruhusiwi kupandishwa kwa mrija. Ng'ombe wa maziwa wa Njombe anaweza kupata mbegu ya dume aliyeko nchi nyingine; farasi jike wa mbio lazima apelekwe kwa dume ana kwa ana, la sivyo mtoto hataandikishwa. Ndiyo maana ada ya dume Frankel kwa mwaka 2024 ilikuwa pauni 350,000 kwa kila jike. Uhaba wa nafasi kwa dume kama huyo umewekwa na kanuni, haukuletwa na maumbile, na hilo ni somo la biashara kuliko la mifugo.

Chini ya yote hayo kuna swali moja ambalo kila mtaala hulirudia: nani anawalisha farasi hawa? Wamiliki wengi hupata hasara. Zawadi za mbio hazitoshi kulipa chakula, daktari, mkufunzi na saisi. Fedha inayoziba pengo hutoka ama kwa wanaobeti ama kwa tajiri mwenye mapenzi na farasi, na nchi hutofautiana kwa jinsi zilivyoamua jambo hilo.

Hoja ya kwanza: achaneni nayo

Wanaopinga wana hoja nzito. Elimu ya kazi bila mahali pa kufanyia mazoezi huwa nusu elimu. Kutoka Mbinga hadi Uwanja wa Ngong ni zaidi ya kilomita 1,500 za barabara, na ukishafika unaomba kazi kwenye tasnia ndogo inayofahamiana yenyewe kwa yenyewe.

Gharama ni ya pili. Ada inadaiwa kwa dola, wakati fedha ya Mbinga inakuja mara moja kwa mwaka, kahawa inapouzwa. Kaya inayobanwa na ada kabla ya mavuno hujikuta kwenye magoma, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Hakuna cheti cha nje kinachostahili kuingiza familia kwenye mkopo wa aina hiyo. Kuna pia jambo dogo la saa: kipindi cha moja kwa moja cha saa 12 jioni Louisville kinamkuta mwanafunzi wa Mbinga saa 7 au saa 8 usiku, kutegemea majira ya huko.

La tatu ni utambuzi. Tuzo ya nje hupimwa na mamlaka za elimu, TCU kwa vyuo vikuu au NACTVET kwa vyuo vya ufundi, kabla ya kuhesabiwa kwenye ajira rasmi nchini, na cheti kifupi cha kampuni ya mtandaoni mara nyingi hakina uzito popote zaidi ya ukutani.

Na tasnia yenyewe inapungua sehemu kadhaa. Macau ilifunga mbio zake Aprili 2024. Singapore, iliyokuwa na mbio tangu miaka ya 1840, ilikimbiza za mwisho Oktoba 5, 2024, na ardhi ya uwanja ikapangwa kurudi serikalini. Afrika Kusini, kampuni ya Phumelela iliyokuwa ikiendesha sehemu kubwa ya mbio za nchi hiyo iliingia kwenye usimamizi wa kuokoa biashara mwaka 2020. Kijana anaambiwa aingie nyumba ambayo baadhi ya vyumba vinazimwa taa.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba ikifuatwa hadi mwisho inakataza karibu kila kitu. Mbinga haina kiwanja cha ndege cha kimataifa wala soko la hisa, na hakuna anayemkataza mtoto wa Mbinga kusomea urubani au fedha. Kutokuwepo kwa kitu nyumbani ni sababu ya kuuliza maswali zaidi, haijawahi kuwa sababu ya kutosha ya kutojifunza.

Hoja ya pili: Ghuba inaajiri

Upande wa pili unaelekeza kidole Mashariki ya Kati. Dubai ilianzisha Dubai World Cup mwaka 1996 na kufungua uwanja wa Meydan 2010. Saudi Arabia ilianzisha Saudi Cup mwaka 2020 kwa zawadi ya dola milioni 20. Oman ina mapenzi ya farasi ya karne nyingi na ukoo unaounganisha Muscat na Zanzibar. Nchi hizo zimejenga mbio zao bila madirisha ya kubeti uwanjani; fedha inatoka kwa watawala na wadhamini, jambo linalowapa amani ya nafsi vijana wa Kiislamu wanaopenda farasi na kuchukia kamari.

Ipo pia milango iliyo wazi kweli. Godolphin Flying Start, mpango ulioanzishwa 2003 chini ya Sheikh Mohammed wa Dubai, huchukua vijana wapatao 12 kwa mwaka na kuwagharamia masomo na safari za Ireland, Uingereza, Marekani, Australia na Dubai kwa miaka miwili. Kwa mwombaji wa Ruvuma, masomo ya mtandaoni yanaweza kuwa hatua ya kujitayarisha.

Ila tuseme ukweli: nafasi 12 kwa dunia nzima haziwezi kuitwa soko la ajira. Na kazi ambayo Ghuba huajiri kwa wingi ni ya saisi, anayeamka alfajiri, akafagia banda, akamsugua farasi na kumtembeza. Saisi hapimwi kwa cheti cha masoko. Anapimwa kwa mikono, na farasi mwenyewe humfanyia usaili ndani ya dakika tano. Kijana aliyesoma haki za matangazo bila kuwahi kushika lijamu atakuwa na elimu nyingi mno kwa kazi ya banda na uzoefu mdogo mno kwa kazi ya ofisi. Tena mfanyakazi wa Ghuba mara nyingi hufungwa na mwajiri aliyemdhamini, kwa hiyo anayekwenda bila kupitia utaratibu rasmi wa ajira za nje anabeti kwa mwili wake.

Hoja ya tatu: hesabu ya mkeka

Hoja ya tatu husikika kwa nadra, na ndiyo inayostahili nafasi zaidi. Inasema hivi: Mtanzania tayari yumo ndani ya biashara hii, kwa kuwa anailipia. Asichokijua ni hesabu yake.

Kuna njia mbili kuu za kubeti. Ya kwanza ni ya kapu la pamoja, iliyobuniwa na Joseph Oller jijini Paris katika miaka ya 1860. Tuseme watu 100 wameweka shilingi 1,000 kila mmoja. Kapu lina 100,000. Mwendeshaji anachukua, tuseme, 20,000. Zinazobaki 80,000 wanagawana waliopatia. Wakiwa wanane, kila mmoja anaondoka na 10,000. Mwendeshaji hajali nani kashinda, sehemu yake ilishakatwa.

Njia ya pili ni ya odds za kudumu, ile ya vibanda vyetu. Chukua mbio ya farasi wawili wenye nguvu sawasawa. Kwa haki, odds ya kila mmoja ingekuwa 2.00. Kampuni inaweka 1.80. Mtu mmoja anaweka 1,000 kwa farasi wa kwanza, mwingine 1,000 kwa wa pili. Zimeingia 2,000, atakayeshinda analipwa 1,800, na 200 zimebaki mezani. Rudia hivyo mara elfu kwa siku. Mkeka wa mechi kumi unarudia makato hayo mara kumi, ndiyo sababu matangazo hupenda mikeka mirefu.

Sasa ifuatwe ile fedha iliyobaki. Uingereza iliunda bodi ya tozo ya mbio za farasi mwaka 1961. Kampuni za kubeti hukatwa asilimia 10 ya faida ghafi inayozidi pauni 500,000 itokanayo na mbio za nchini humo, na tangu 2017 hata zilizoko nje ya nchi zinabanwa. Tozo hiyo hulipia zawadi, madaktari wa wanyama na usimamizi. Ufaransa, kapu la pamoja la kubeti, PMU, liko mikononi mwa vyama vya mbio vyenyewe. Hong Kong, Jockey Club iliyoanzishwa 1884 haina wanahisa wa kugawana faida; hulipa kodi kubwa na kutoa misaada. Upande wa pili wapo watu wa Dakar na Ouagadougou wanaobeti kila siku farasi wanaokimbia Ufaransa, wanyama ambao hawatawaona maishani.

Farasi wa skrini wa vibanda vyetu yuko mbali zaidi. Huyo hali nyasi. Hana mmiliki, saisi wala daktari, na mshindi wake anachaguliwa na programu ya namba za bahati nasibu. Kujifunza "fomu" yake ni sawa na kusoma mwendo wa jongoo ili kujua bei ya sukari. Biashara ya mbio za kweli inalipa watu wengi kabla ya kampuni kupata faida. Hii ya skrini haina wa kuwalipa hao. Mbele ya hesabu hiyo, mtu hahitaji mahubiri kuhusu kamari.

Tanzania ina sheria ya michezo ya kubahatisha tangu 2003 na bodi ya kuisimamia, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Bajeti ya 2021/22 ilielekeza asilimia 5 ya mapato yatokanayo na kubashiri matokeo ya michezo iende Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Klabu kubwa za soka zimenufaika na udhamini, Simba na Yanga zote zikiwahi kuvaa jina la SportPesa. Swali ambalo mwanafunzi wa biashara ya mbio angeliuliza ni la jiografia: shilingi ikitoka kwenye kibanda cha mjini Mbinga, kiasi gani kinarudi kwenye uwanja wa shule ya Lituhi? Tasnia ya farasi imebishania swali hilo tangu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, na majibu yake, mazuri na mabaya, yameandikwa. Anayeyasoma anapata silaha ya kuitumia kwenye soka, ngumi, hata mashindano ya mitumbwi kama siku moja ufuko wa Nyasa utaamua kuyafanya kuwa biashara.

Nayo hoja hii ina kasoro. Maarifa ya aina hii hayana nafasi ya kazi iliyotangazwa. Yanamfaa afisa michezo, mwandishi wa habari, diwani, mhasibu wa klabu. Kijana anayehitaji mlo wa kesho hayamsaidii upesi. Na upo uwezekano, si mdogo, kwamba anayeanza kwa kusoma hesabu ya odds ataishia kuamini kwamba sasa ameshaiweza.

Mezani

Zikipimwa pamoja, hoja ya kwanza inashinda kwenye fedha, ya pili inashindwa kwenye idadi, na ya tatu inashinda kwenye maana. Kwa hiyo jibu linategemea nani anauliza na anatoa nini mfukoni.

Kwa anayetaka kugusa mnyama, njia fupi haipiti Kentucky. Kampasi ya Madaba ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, iko Ruvuma hapa hapa, na stashahada ya afya ya mifugo inatambulika nchini. Chuo Kikuu cha Florida kina kozi ya mtandaoni ya utunzaji wa farasi inayoweza kuongezwa juu yake. Aliyeshika ng'ombe na punda kwa miaka miwili ana la kumwambia mwajiri wa Muscat au wa Ngong. Kwa anayetaka biashara, shahada inayotambulika ya Chuo Kikuu Huria, chenye kituo Songea, ni msingi imara kuliko cheti cha farasi, na habari za tozo, minada na makapu zinaweza kusomwa bila ada kando yake. Kulipia cheti cha nje kuna maana kwa watu wachache tu: aliyekwisha kuajiriwa katika tasnia, au mwenye barua ya mwajiri inayodai cheti hicho kwa jina.

Na kabla ya kumtumia mtu yeyote ada, mzazi aulize maswali matatu kwa simu. Chuo kinaitwaje, na TCU au NACTVET wanakijua? Kozi inafundisha kuendesha mbio au kubashiri mshindi? Mafunzo ya vitendo yatafanyika wapi, na kwa farasi gani? Akijibiwa kwamba farasi wako kwenye skrini, fedha hiyo inunue mbolea ya mibuni.